Rezista Isiyo na Kazi

Fundi mama wa mtaa wa Gerezani huinusa amplifaya kabla hajaifungua, kama anayechagua samaki sokoni. Kucha zake ni nyekundu, isipokuwa ya kidole gumba, iliyobanduka rangi kwa kukwangua risasi ya kuchomelea. Siku moja kijana Wafa alimletea amplifaya ambayo kila ikiwashwa huipiga spika "pu!" na kuusukuma utando wake nje, hata kabla mtu hajaimba.

"Harusi ya mdogo wangu ni jioni hii, Mama."

"Subiri," akajibu, neno analowajibu wateja wote, hata wanaomsalimia. Akainama, miwani ikateleza puani, kisha akacheka. "Nani katoa rezista hapa akaweka kipande cha waya?"

Wafa akatazama dari. "Mjomba. Alisema haina kazi, inakwenda tu kwenye athi, ule waya wa ardhi."

"Mwambie inayo. Chipu hii ina miguu miwili ya kuingilia, na yote hunyonya umeme kidogo. Huu unanyonya kupitia rezista. Huu wa pili ukiuunga na athi kavukavu, bila rezista, haulingani na mwenzake. Basi chipu inaona tofauti, inaikuza na kuisukuma spika, ingawa hakuna sauti." Akachomea rezista mpya, akaipuliza kama uji wa mtoto.

Akawasha. Spika ikanyamaza kabisa. "Mama, mbona haisemi?"

"Hakuna aliyesema." Akampa maiki.

Wafa, ambaye nyumbani hawamwezi kwa maneno, akaambulia salamu tu. "Shikamoo, Mama," akatamka, na sauti ikafurika uchochoro mzima.

"Marahaba!" wakaitika wasukuma mikokoteni wote waliokuwa wakipita, hata wa rika la Wafa.