Msimpokee Bibi Ndoo

Vijana wa jimu yetu hapa Singida mjini wanataka kocha mkali. Nawafokea, "Shuka! Panda! Acha uvivu!" nao wanafurahi. Sasa akaja bibi mmoja wa Ilongero, kashuka kwenye bodaboda na khanga zake mbili na raba za mjukuu wake. Utamfokeaje mtu uliyemwamkia shikamoo dakika moja iliyopita?

Shida yake aliisema pale pale. Alianguka jikoni, akashindwa kuinuka mpaka jirani alipopita. Tangu hapo wanawe wanataka kumhamishia Dodoma. "Nikae ghorofani niangalie televisheni? Thubutu!" Wakawekeana sharti: wakija baada ya mavuno wakamkuta anajitwisha ndoo ya maji mwenyewe, anabaki kwake. Akishindwa, anafunga mizigo.

Nilianza kwa kumkalisha na kumsimamisha kwenye benchi, siku baada ya siku. Halafu ndoo, kwanza na maji kidogo. Hapo ndipo tulipoumbuka. Kila akiinama kuishika, kijana mmoja anatupa vyuma vyake anakuja mbio, "Lete bibi, nikupokee!" Mwingine anaipeleka mpaka mlangoni. Nikawagombeza wote. Kesho yake bibi akainama, na mkono wa kwanza kuidaka ndoo ukawa wangu.

"Hivi mjukuu wangu," akasema, "anayefanya mazoezi ni wewe au mimi?"

Jimu nzima ilicheka. Niliona aibu, jamani. Mama yangu alinilea vizuri kupita kiasi.

Tangu siku hiyo nikawa nafunga mikono nyuma. "Naomba ushuke tena, bibi. Mara mbili tu, tafadhali." Naye ananijibu kwa Kinyaturu, maneno ambayo vijana walikataa kabisa kunitafsiria.

Wanawe walipokuja, aliniita Ilongero. Nilikaa uani pamoja nao, nikiogopa kuliko yeye. Alichuchumaa mbele ya ndoo iliyojaa, mgongo umenyooka kama nilivyomwonyesha, akaipandisha hadi kifuani. Miguu ikaanza kutetemeka. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye kitambi, akaruka kumpokea. Heshima tu, maskini.

"Usiguse!" bibi alifoka. "Ukinipokea hii, umeninyang'anya nyumba yangu."

Yule mwana akarudi kwenye kigoda, akakalia mikono yake. Ndoo ikapanda kichwani. Bibi akaingia nayo ndani kwake, hakutuangalia hata mmoja.