Mwalimu Aliyetaka Watoto Wabadilishane Lugha

Mwalimu mmoja wa Kiswahili ameaga dunia, na kwa kuwa hakuwa waziri wala mbunge, msomaji wangu hukumsikia kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Mimi nilipata habari hizo nikiwa kwenye kiti cha kinyozi hapa mjini Nakuru: picha yake kwenye simu, mshumaa umechorwa pembeni, na chini yake mfululizo wa pole. Alikuwa ameugua miezi michache. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kupitia ile wiki ya lugha na fasihi ambayo shule nyingi huwa nayo mara moja kwa mwaka. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandaa shuleni kwake, nami nikialikwa kuwa jaji wa masimulizi, kwa sababu watu hudhani anayeandika gazetini lazima ajue kupima hadithi.

Wakati huo alikuwa akifundisha huko juu Mau, si mbali na soko la Olenguruone. Wiki yake ilijaa raha. Wanafunzi walitegeana vitendawili, na darasa lililoshindwa likateka maji ya jikoni. Walivaa kama wahusika wa tamthilia waliyokuwa wakisoma, mmoja akaja na koti la babu yake linaloburuzika chini. Walimu nao walilazimishwa kusema vitanza ndimi mbele ya shule nzima, na mwalimu mkuu, mtu mzito wa heshima zake, alijing'ata ulimi hadi wanafunzi wakagaagaa kwenye nyasi. Lakini Ijumaa ndiyo aliyoipenda. Wanafunzi walikuwa wamegawanywa wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa kabila jingine, na kila mmoja alipaswa kujifunza ngano fupi kwa lugha ya nyumbani kwa mwenzake, kisha aisimulie jukwaani mbele ya wazazi. Ili kujifunza, ilibidi watembeleane, wakae jikoni kwa mama wa mwenzao, wasahihishwe na nyanya. Anayezijua sehemu hizo anajua hilo halikuwa jambo dogo. Huko watu wamechomeana nyumba katika zaidi ya uchaguzi mmoja.

Mwaka ninaoukumbuka, msichana mmoja Mkalenjin alipanda jukwaani akaanza ngano ya sungura kwa Kikuyu. Mwenzake alikuwa ameketi mbele, midomo ikimchezacheza kwa kumfuata neno kwa neno. Matamshi yake yalikuwa na kasoro zake, ila alisimulia kwa madaha, na kina mama wa Kikuyu walianza kupiga makofi kabla hajamaliza. Ndipo baba yake aliposimama. Hakupiga kelele. Alitembea hadi jukwaani, akamshika binti yake mkono, akamteremsha, wakatoka. Makofi yakakatika. Mwalimu aliwafuata, nami nikamfuata mwalimu kwa kuhofia ugomvi.

Aliwafikia kando ya tangi la maji. "Mzee, samahani," alisema. "Kama nimekosea, niambie mimi. Mtoto hana kosa."

"Mwalimu, mimi sina shida na wewe," yule baba alisema. "Na sina shida na hao majirani. Tunauziana viazi. Lakini wewe unajua kulikuwa namna gani hapa. Watu walisimamishwa barabarani wakaambiwa, sema kitu tusikie. Ukisema vibaya, umekwisha. Sasa siku hiyo ikirudi, huyu asimamishwe na vijana wetu, aogope, hiyo lugha imtoke mdomoni? Nani atawaambia ni mtoto wangu?"

Mwalimu alimsogelea hatua moja. Kisha akasema, "Ndugu yangu mkubwa alisimamishwa hivyo hivyo, mzee. Aliambiwa aseme kitu kwa lugha yenu. Hakujua hata salamu. Alikuwa amefanya kazi huku miaka mingi na hakujua hata salamu. Ndiyo sababu ninawafunza."

Yule baba alivua kofia. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa akilia bila sauti, kisha akamtazama mwalimu. "Pole," alisema. "Pole sana. Lakini mimi niko na huyu mmoja tu." Wakaondoka, wakishikana mikono.

Nimewahi kusikiliza midahalo mingi kuhusu utangamano wa kitaifa, katika hoteli zenye mazulia na chai ya saa nne, na sijasikia humo hoja mbili nzito kama zile. Hofu ni ileile, barabara ni ileile, mmoja akiona lugha ya jirani kuwa kinga na mwingine akiona hatari. Sikujua nimpe nani haki. Hata leo sijui.

Yule baba hakulalamika popote. Jumatatu binti yake alirudi darasani. Waliolalamika ni wengine, waliosema mwalimu analeta siasa shuleni. Bodi ilikutana, siku ya lugha za nyumbani ikafutwa, na muhula uliofuata mwalimu akahamishiwa upande wa Naivasha, shule iliyo karibu na Kamere, wanakosoma watoto wa wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Aliniambia kwa simu kwamba huko angefanya mengi zaidi, maana darasa moja lilikuwa na watoto kutoka karibu kila pembe ya nchi. Aliomba arudishe ile Ijumaa. Akajibiwa kwamba wazazi wanataka alama za Kiingereza na Kiswahili, hizo nyingine watajifunza kwao.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa katika wiki ya lugha ya shule hiyo mpya, huko Kamere. Shule ilikuwa imepambwa, kulikuwa na keki, na mgeni wa heshima alikuwa na mpiga picha wake. Kundi moja likaigiza kichekesho: mlinzi mwenye lafudhi ya kabila fulani, mchuuzi bahili mwenye lafudhi ya jingine, mlevi wa kabila la tatu. Kila mwigizaji alipofungua kinywa, uwanja ulilipuka. Mgeni wa heshima alicheka hadi akafuta macho, na kichekesho kile kikapewa zawadi ya kwanza. Mwalimu hakuwepo kukabidhi zawadi. Nilimkuta nyuma ya madarasa, akinawa uso bombani.

"Umeona?" akaniuliza. "Hawa watoto hawana ubaya. Wamepewa nafasi moja tu ya kusikia lugha ya mwenzao, nayo ni ya kuicheka." Nilimwambia angalau wanacheka pamoja. Akatikisa kichwa. "Mtu ukimzoea kama kichekesho, siku akilia hutajua."

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwao, upande wa Kariandusi. Ibada ilikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa walimu na wazazi walitoka Mau, Kamere na hapa mjini. Kisha mama yake akapewa kipaza sauti, akasema kwa Kikuyu. Alisema kwa muda mrefu. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali aliinama, akaligonga jeneza polepole kwa vidole, akaongea kama anayemgombeza mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Waliomwelewa walilia, wakacheka, wakalia tena. Sisi wengine tuliangalia ratiba ya mazishi. Alipomaliza, mwendesha sherehe alichukua kipaza sauti akasema, "Mama anasema asanteni kwa kuja, Mungu awabariki." Nikamwuliza jirani yangu mama amesema nini hasa. "Ah, ni mambo ya nyumbani tu," akanijibu, huku akitafuta leso.

Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi. Mimi nimezaliwa na kukulia Nakuru. Nimenunua maziwa, nimekopa sukari na nimezika watu pamoja na Wakikuyu na Wakalenjin maisha yangu yote. Kiswahili kimetufaa sana, na sitakisema vibaya kwani ndicho kinachonilisha. Ila kimetutosha sokoni na kanisani, tukadhani kimetutosha kote. Waandaaji wa wiki za lugha watalazimika kuamua kama wanataka watoto wafurahishane au wafahamiane, kwani la pili lina hatari zake na yule baba wa Mau hakuwa mjinga kuziogopa. Mimi, ingawa bado sijui nani alikuwa na haki, nimeamua kusimama na mwalimu. Nilikaa karibu kiasi cha kumshika mkono mama aliyekuwa akimuaga mwanawe, na sikujua anamwambia nini.