Ukoo wa Gaju

Dada yangu Mbambu hana subira, hata chai anainywa ikiwa bado inaunguza ulimi. Sisi ni watu wa Butembo, tuna duka la vipuri vya pikipiki hapa Mubi. Vita vilipowasukuma watu wa Masisi hadi barabara yetu, aliacha minyororo na plagi akaanza kuandika programu. Aliyepotezana na ndugu zake anaacha ujumbe na neno la siri. Ndugu akifika akaandika neno lilelile, ujumbe unafunguka. Mimi nilimwambia hatutakula programu.

"Neno lenyewe halibaki mu machine, Constantin," alisema. "Ninalitwanga. Umeshaona muntu anarudisha sombe ikuwe majani ya muhogo? Mwenye kutafuta akikuya, ninatwanga na lake, machine inalinganisha. Hata wenye bunduki wakiibeba, hawatalipata."

Asubuhi moja akaruka kitini kama aliyekalia siafu. Kwenye mashine, mistari iliyotokana na kutwanga maneno ya wafugaji wengi ilifanana herufi kwa herufi. Alipowauliza, akina mama wengi wa Kingi, huko Masisi, walikuwa wameandika Gaju, jina la ng'ombe wa kahawia ambaye karibu kila zizi huko linaye. Anayejua la mmoja ameshajua la wote. Mbambu hakula siku hiyo, na furaha ilimjaa kama mtu aliyekamata mwizi. Tangu hapo kila neno likatiwa chumvi yake kabla ya kutwangwa, yaani herufi za bahati nasibu, ili hata maneno mawili yanayofanana yatoke tofauti. Akawaita akina mama wote waandike upya.

"Chumvi peke yake haitoshi, Mama," alimwambia Nyiramahoro, mfugaji aliyepotezana na mwanawe Kagabo njiani. "Gaju kila muntu anaijua. Weka kitu chenye mugeni hawezi kujua."

"Nitaweka ukoo ya ng'ombe yangu," alijibu mama. "Kagabo njo alikuwa anazikamua."

Akaandika taratibu kwa kidole kimoja, akaacha ujumbe, akaondoka na wenzake.

Kagabo alifika kiangazi, miguu imevimba. Mbambu alimpa kiti, akamwonya kwamba ikikataa mara tatu ujumbe unafutika. Kijana akaandika Gaju. Ikakataa.

"Dada, si unifungulie tu?"

"Sina njia, kaka. Hata mimi sijui neno lake."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Programu gani hii inayomnyima mtoto mama yake? Nilimwambia hivyo mbele ya wateja, naye akamsogezea Kagabo mashine tena.

Kagabo akakumbuka ukoo ambao mama aliutaja kila wakikamua, akaandika: Gaju wa Bihogo wa Mayenzi, yaani ng'ombe, mama yake na bibi yake. Ikakataa. Fundi akazima pikipiki aliyokuwa akiijaribu. Kijana alifumba macho, midomo ikicheza kama anayeita ng'ombe warudi zizini. Kisha akatabasamu.

"Mama hasemake Mayenzi hivihivi. Kila mara anasema Mayenzi Pembe Moja. Ile ingine ilivunjikia ku majiwe."

Akaongeza maneno hayo mawili, akabonyeza.

Ikafunguka. Mbambu alipanda juu ya kasha la vipuri akipiga makofi, nami, mwenye mdomo mrefu, nilikuwa nalia nikicheka. Kagabo ndiye aliyetusomea, kwa sauti ya chini:

"Mutoto wangu, utanikuta kule Mpofi. Gaju walimuchukua. Mimi niko. Kuya."