Shangazi Kabatini

Nilijifunza gitaa peke yangu, chumbani kwetu Hodge Hill, Birmingham, kwa kutazama video na kurudia mpaka vidole vikaota sugu. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba sasa inatosha. Nikikosea kitu nilikianza upya, hata kama ni kukunja shuka.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipenda muziki wa aina moja tu: albamu za hevi metali zinazosimulia kisa kimoja cha kutisha, tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Nyumba ina laana, watu wanahamia, na ukifika wimbo wa saba umeshajua nani hatatoka. Mama alidhani napenda mashetani. Nilichopenda ni mpangilio. Hofu yangu mwenyewe haikuwa na kichwa wala miguu. Niliamka nayo, nikapanda nayo basi, nikarudi nayo. Ile ya kwenye albamu ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kila ukelele ulikuwa umepimwa. Tena, niseme ukweli, nilipenda kwamba haimhurumii mtu. Katika albamu zile anayelia huachwa alie mpaka magitaa yamalize.

Basi nikaamua kutengeneza yangu. Kisa nilikuwa nacho: zimwi linajifunza sauti ya mama aliyesafiri, kisha linamwita mtoto afungue mlango. Shangazi yangu, dada yake baba, alitusimulia tangu tuko wadogo, kwake Newtown. Mwishoni mama hurudi, hulipasua zimwi tumbo, na mtoto hutoka mzima akiomba chakula. Nilitaka sauti ya shangazi ipite baina ya nyimbo.

Ili nimrekodi, nilimkalisha ndani ya kabati lake, kwa sababu nguo humeza mwangwi.

"Umenitia kabatini kama viatu vya Idi," alisema akicheka, akajibanza kati ya mabuibui. "Haya. Paukwa!"

Nikatikisa kichwa tu.

"Paukwa, nakwambia!"

"Siwezi kuitika, shangazi. Sauti yangu itaingia."

"Ala! Sasa namsimulia nani, makoti?"

Akaanza hivyo hivyo, bila ya kuitikiwa. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili lori lilipita. Mara ya tatu bangili zilialika, nikamwambia azivue. Yeye alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na miguu ilikuwa imemvimba. Niliiona. Nikasema turudie.

Kabla ya mara ya saba nikamwambia, "Safari hii mama asirudi."

"Kwa nini asirudi?"

"Akirudi kisa hakitishi."

"Mama lazima arudi, mwanangu. Hadithi ndivyo ilivyo."

Hapa inanibidi niseme nilichokijua. Nilijua, kama ukoo mzima ulivyojua, kwamba shangazi alimwacha mwanawe Unguja alipokuja Birmingham. Kwamba mtoto yule alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Na kwamba yeye hakwenda kumzika, kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka na angeondoka asingeruhusiwa kurudi. Siku za mwisho alimsikia kwenye simu tu. Yote hayo niliyajua nikiwa nimeshika maikrofoni. Nikasema, "Nifanyie mimi, shangazi. Mara moja tu."

Akanifanyia. Mara ya saba alisema mbio mbio. Ya nane aliruka maneno. Ya tisa alifika pale mtoto anapouliza nyuma ya mlango, "Mama, ni wewe?" na sauti ikamkatika, kikatoka kitu chembamba ambacho sijapata kukisikia kwa mtu mzima.

Mtu mwingine angezima mashine. Mimi nilitazama taa ya maikrofoni kuhakikisha kwamba sauti haikuzidi kipimo ikapasuka.

"Hiyo ndiyo," nikasema. "Unaweza kuirudia hivyo hivyo?"

Alitoka kabatini, akavaa bangili zake moja moja. "Hiyo ifute. Watu wasinisikie."

Nikasema nitaifuta.

Mpiga ngoma wangu alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi. Ngoma zake zilikaa kwenye karakana ya mjomba wake, Hockley. Nilimwekea ile ya mara ya tisa, akaisikiliza mpaka mwisho, vijiti vikiwa mapajani.

"Huyu haigizi," alisema. "Huyu mathe analia kwa ukweli. Ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Na anajua bado uko nayo?"

Nikajitia kukaza nyuzi za gitaa.

"Wee! Alafu unataka nipige ngoma juu ya hiyo? Siwezi. Futa hiyo kitu, sister."

Nikamwambia anatafuta kisingizio kwa sababu hajui kushika mapigo. Udhaifu huo alinieleza mwenyewe, kwa siri, siku moja alipokaribia kulia. Hakunipigia ngoma tena. Nikatumia ngoma za kompyuta, zisizokosea wala kuuliza, nikaipandisha albamu mtandaoni.

Mtu nisiyemjua aliandika kwamba mwigizaji wa kike ni hodari, amemsimamisha nywele. Nilisoma maneno yale siku nzima. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kifua changu kilitulia.

Kisha binti wa jirani yake shangazi akamwekea asikilize, akidhani atafurahi: "Si wewe huyu?"

Shangazi hakunipigia simu; aliyenipigia ni binti yule. Niliiondoa albamu mtandaoni, nikaenda kwake Jumamosi mchana. Alifungua mlango, akanitazama mikononi.

"Simu yako iache hapo nje."

Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikaiweka juu ya kifuniko cha pipa la taka.

Ndani alinipa chai katika vikombe vya wageni, akanizungumzisha kwa Kiingereza, kile cha kazini, anachowasemesha wazee wa watu: baridi ya leo, basi lilichelewa, sukari vijiko vingapi. Yeye ndiye aliyenitilia chai tangu sijajua kushika kikombe. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimeshaiondoa, na kwamba naomba radhi. Akanijibu, kwa Kiingereza kile kile, kwamba hakuna tatizo lolote.

Hakuniuliza kama ile sauti yenyewe nimeifuta, na mimi sikumwambia.