Kadi Kumi na Tisa za Tupendane

Tusajigwe hakumwamini mtu yeyote aliyeshika kitabu. Wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu pale Sumbawanga walikuwa wakisema kwamba hata padri akija kuazima Biblia atapekuliwa mfuko wakati wa kutoka, na hawakuwa wakitia chumvi sana. Tangu alipofika kutoka kwao Tukuyu, miaka tisa iliyopita, vitabu vyote vilikaa nyuma ya wavu wa chuma, na ufunguo ukakaa shingoni mwake. Ukitaka kitabu uliandika jina lake kwenye kikaratasi, ukakipenyeza dirishani, ukasubiri. Ukirudisha, alikifungua ukurasa kwa ukurasa mbele yako, na wewe umesimama unatoka jasho. Kwake yeye, kazi ya mkutubi ilikuwa kulinda.

Mwaka wa sabini na tano ukaja waraka. Watu wazima vijijini walikuwa wanajifunza kusoma, na maktaba ya chuo ikatakiwa iwafuate hukohuko. Mkuu wa chuo, Mwalimu Zenon, aliusoma mbele ya walimu wote, kisha akamgeukia Tusajigwe.

"Mama, utachukua sanduku la vitabu uende Tupendane."

"Mwezi hautaisha, Mwalimu, watakuwa wameshavivutia tumbaku."

"Ukiisha, utakwenda kuvikusanya. Kikipotea hata kimoja, nitatafuta mkutubi mwingine."

Tupendane kilikuwa kijiji kipya kwenye njia ya Namanyere, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Jina lilitungwa na mtu wa ofisini. Wenyewe walioletwa pale mwaka uliotangulia hawakuwa na hamu ya kumpenda yeyote, sembuse mgeni aliyeshuka kwenye Landrova na sanduku lenye kufuli. Tusajigwe alivipanga vitabu kumi na tisa juu ya meza katika darasa la watu wazima: vya nyuki, vya mbolea, vya malezi, na viwili vitatu vya hadithi. Akatoa kadi zake na kalamu.

"Haya, wa kwanza. Jina?"

Bibi mmoja mrefu aliinuka, akanong'ona na wenzake kwa Kifipa, halafu akaja mezani na kuchagua kitabu cha hadithi.

"Andika Kristiana Kapele."

Baada ya hapo walikuja kwa foleni, kila mmoja na jina lake tayari mdomoni. Tusajigwe, ambaye angeweza kushuku hata mvua ya masika, hakushuku kitu. Macho yake yote yalikuwa kwenye vitabu. Alihesabu vikitoka, akarudi mjini, na mwezi mzima hakula akashiba.

Siku ya kukusanya, alisimama mbele ya darasa lilelile akaanza kuita.

"Kristiana Kapele!"

Kimya.

"Wilibrodi Kisanko!"

Kimya tena. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Tusajigwe akamkazia macho yule bibi mrefu.

"Si wewe Kristiana?"

"Mimi ni Bertilla. Kristiana alikuwa mama yangu. Amelala kule nyuma ya kanisa, na huyo Wilibrodi yuko pembeni yake."

"Na wengine?"

"Wote wako hukohuko."

Tusajigwe alikaa chini. Vitabu kumi na tisa vya chuo alikuwa amewaazimisha marehemu! Akauliza kwa nini wamemfanyia hivyo.

"Mwaka jana alikuja mwingine na daftari," Bertilla alisema. "Na yeye aliuliza majina, na yeye alikuwa na kalamu nzuri. Wiki haikwisha, lori likaja, nyumba zetu zikaezuliwa, tukaletwa hapa. Sasa tukaona tukupe majina ya wasioweza kuhamishwa tena."

Watu wakaanza kutoa vitabu, kimoja kimoja, vimefungwa kwenye vitambaa na mifuko ya unga. Kumi na tisa, vyote. Tusajigwe alivikagua mara mbili, kwa sababu hata habari njema aliishuku.

Lakini utaratibu ni utaratibu. Akawaambia kwamba bila majina ya kweli hawezi kuacha tena hata kitabu kimoja.

"Kadi zako zinalala wapi?" Bertilla aliuliza.

"Kwangu, ndani ya kufuli."

"Na ofisi ikizitaka?"

Tusajigwe alicheka. "Nani atake kadi ya kitabu cha nyuki?"

Bertilla hakucheka. Alikitazama kitabu chake mezani. Alikuwa amebakiza kurasa kumi, na hakujua kama yule mwanamke wa kwenye hadithi alirudi kwao au la. Mwishoni akasema, "Haya, andika Bertilla Kapele. Lakini jina hilo umelichukua wewe, usiseme umelikuta barabarani." Wenzake wakamfuata, shingo upande.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, mtu mmoja aliyevaa suti ya Kaunda alisimama kwenye dirisha la maktaba. Mwalimu Zenon alikuwa nyuma yake, anatazama sakafu.

"Ndugu mkutubi, nasikia una majina ya watu wa Tupendane. Daftari la kijiji limeliwa na mchwa. Kuna watu wanatoroka kurudi kwenye mahame yao kulima ulezi, na tunataka kuwajua. Tukiwapata huko, vibanda tunachoma."

"Mpe, mama," alisema Mwalimu Zenon.

Tusajigwe alivuta mtoto wa meza. Mafurushi ya kadi yalikuwa mawili, la zamani na jipya, maana yeye hakuwahi kutupa kadi maishani mwake. Akilini alimwona Bertilla akikitazama kile kitabu, akaona aibu ya kile kicheko chake. Aliogopa, aliogopa sana. Kisha yeye, ambaye kwa miaka tisa hakumpa mtu hata kitabu ambacho hakukiomba, alimkabidhi yule bwana kadi za marehemu.

Bwana akazipekua, akaridhika. "Una mwandiko mzuri," alisema, akaondoka nazo.

Safari iliyofuata, milango ya Tupendane ilikuwa imefungwa. Darasani palikuwa na Bertilla peke yake, amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Tusajigwe alisema.

Hakuitikiwa.

"Alikuja," Bertilla alisema. "Alisimama hapa, akamwita mama yangu kwa jina lake lote. Tukamwambia wote hao wamehama zamani, akahangaika mahameni siku mbili bila kumpata mtu. Lakini jina la mama yangu alilipata wapi? Tulikupa wewe tu."

"Nilitoa zile za marehemu, mama."

"Ulitoa."

"Alikuwa amesimama mbele yangu."

"Na zetu?"

Tusajigwe alifungua sanduku, akatoa lile furushi la pili, akaliweka mikononi mwa Bertilla. "Zisome mwenyewe. Usiniamini mimi."

Bertilla aliigeuza kadi ya kwanza mbele na nyuma. Alisoma polepole, kwa silabi, kama alivyofundishwa.

"A-gne-si Ki-sa-nko."

"Nipo," ilisikika sauti nyuma ya ukuta.

"Ta-de-i Ka-pe-le."

"Nipo."

Wakaanza kutokea mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka mlango. Bertilla hakuruka hata jina moja. Kadi ya mwisho aliitazama muda mrefu kuliko zote.

"Be-rti-lla," alisoma, na akajijibu mwenyewe. "Nipo."

Akazifunga kadi zote kumi na tisa kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno. Tusajigwe hakunyoosha mkono kuzidai. Aliinama, akaanza kupanga mezani vitabu vipya, bila kutoa kalamu.

"Marahaba," Bertilla alisema.