Mlimani Juu ya Mitaboni, Hata Salamu Zilikatwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu bado umeufunika mlima ulio juu ya Mitaboni. Kalekye Ndunda, mjane wa miaka arobaini na sita, anapangusa umande kwenye paneli ya sola, anaingia kibandani na kuwasha redio ya upepo, ile ya kuitana kati ya vituo.

Anasikiliza zahanati ya Katangi. Kisha anaiita hospitali ya mjini Machakos: "Katangi, saba."

Basi. Saba ni dawa za malaria zimeisha.

Vilima vimesimama katikati. Zahanati haziisikii hospitali. Kila ujumbe sharti Kalekye aupokee, aurushe upya. Alipoajiriwa mwaka 1993, ujumbe wa Katangi ulipitia kituo cha Tala kwanza. Maneno yaleyale yalisemwa mara tatu, yakila betri kila kituo. Aliwaomba Katangi wageuze antena imwelekee yeye, Tala ikarukwa. Baadaye akatunga namba badala ya sentensi.

"Hii betri inaisha ukiongea, si ukisikiliza sana," anasema. "Kwa hivyo tulipunguza maneno. Tukatoa hata salamu."

Anapunguza sauti ya redio. "Watu wote wanapitia kwangu, lakini hakuna mwenye anakuja kwangu."

Mwishoni mwa 1997 mvua ilinyesha hadi jua likasahaulika. Betri ilikuwa karibu kuzima wakati Mbinya, muuguzi wa Katangi, alipoita: "Tatu! Tatu!" Mama mjamzito alikuwa akivuja damu. Papo hapo hospitali nayo ikaita: daraja la kwenda Katangi limebebwa na maji.

Kalekye alijua amebakiwa na pumzi moja tu ya kusema. Angengoja, mama angekufa. Angewajibu mmoja mmoja, wa pili asingesikia. Akaunganisha habari zote mbili, akawaambia wote kwa pamoja: "Tatu Katangi, daraja hakuna, mkutane njia ya juu."

Taa ya redio ikazima.

Siku zilizofuata alikaa na mvua, bila kujua kama kuna aliyemsikia. "Nililia kama nimefiwa," anasema. "Sikuwa na mtu wa kuuliza."

Jua lilipotoka, sauti ya kwanza ilikuwa ya Mbinya. Wanakijiji walimbeba mama kwa machela hadi njia ya juu, gari la hospitali likamkuta huko. Yeye na mtoto walikuwa wazima. Lakini Mbinya hakutaja namba yoyote.

"Kalekye, mwaitu, mama yetu, wewe uko salama? Umekula?"

Kalekye anacheka huku akifuta macho. "Hiyo hatukuwa na namba yake."

Mwaka huu wa 2001, kanisa linaloendesha kituo limemwambia kitafungwa. Simu za mkononi zinakuja. Atateremka na kufuga kuku kwao. Ila kwanza atakwenda Katangi, kumwona Mbinya kwa macho, mtu ambaye hajui hata kama ni mrefu au mfupi.

"Nitakaa kwake wiki nzima," anasema. "Nataka tuongee mpaka tuchoke."