Namba Moja kwenye Pete ya Drili

Krrr-krrr-krrr. Mlio huo wa drili ya betri inayokataa kukaza skrubu ukinifikia hata leo kutoka kibanda cha fundi yeyote, mimi huharakisha kupita. Nitawaambia kwa nini, ingawa nimechelewa.

Baba alikuwa seremala Kitale. Aliyemuuzia drili yake kuukuu alimtegea pete ya shingoni yenye namba, akamwonya asiiguse. Hakuigusa. Mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja nisiyevumilia kiatu kilichokaa upande, ndimi niliyeifuta vumbi la mbao. Jioni moja niliona pete imefika mwisho kabisa, penye kijipicha cha keke ya kutobolea mbao, na swichi ya juu iko kwenye moja. Ilinikera. Kuhesabu huanzia moja, nikawaza, na mbili ina nguvu kuliko moja. Nikarudisha pete kwenye moja, swichi nikaisukuma hadi mbili. Ikapendeza.

Kesho yake tulikwenda Kabuchai, Bungoma, nyumbani kwao Mama. Baba alikuwa ameahidi kutia mlango kwenye nyumba mpya ya nyanya, tuliyemwita Kukhu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, kwa hiyo Kukhu alijifungia jikoni. Kazi hakuiona, lakini alisikia kila kitu. Wajomba walisimama uani. Hawakuwahi kuamini kwamba dada yao aliolewa na fundi wa maana.

Fremu ilikuwa ya mkaratusi uliokauka, skrubu ndefu kama kidole. Baba akabonyeza. Drili ikazunguka mbio, skrubu ikagusa mti: krrr-krrr-krrr. Haikuingia.

"Shemeji, hiyo kitu inakoroma ama inaomba maji?" akauliza mjomba Wafula.

"Ati mashini!" mdogo wake akadakia. "Si ungekuja tu na nyundo, bana."

Nilisikia kicheko hata kutoka jikoni kwa Kukhu. Baba alichomoa betri, akaipuliza, akairudisha. Shingo ilimlowa jasho. Kisha akanigeukia. Aliniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama, uliigusa hii?"

Nilishuku ni ile pete niliyoizungusha. Nikainamia mkebe wa skrubu.

"Hapana, Baba."

Alimaliza kwa bisibisi, jua likizama, viganja vimechubuka. Kukhu alituma shukrani kupitia mama yangu, na swali: je, mlango huo utahitaji fundi mwingine aje kuurudia?

Tangu siku hiyo Baba alitia sanduku lake la vifaa kufuli, hakunipa tena chombo nifute. Nilidhani amekuwa mchoyo. Nikamnunia miaka.

Ufundi nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu. Ndivyo nilivyojua kwamba namba ndogo kwenye pete huifanya drili iachie skrubu mapema, na kwamba kazi nzito hutaka pete ifike kwenye keke, swichi iwe moja, mwendo wa polepole wenye nguvu. Baba alipofariki nilivunja kufuli. Drili ilikuwa imeviringishwa kitambaa. Pete ilikuwa kwenye keke. Swichi, moja.

Alijua ni mimi, basi. Baadaye aliirudisha mwenyewe, asinitaje kwa mtu, akawaacha wakwe wamcheke mpaka akazikwa. Nami nisiyevumilia kitu kilichopinda, hili sina pa kulinyooshea.